Kivuli cha Mpiga Picha Kwenye Dirisha la Treni

Mwanafunzi wa upigaji picha anapofika mwisho wa masomo, hutakiwa kufanya jambo gumu kuliko kupiga picha zenyewe: azitandaze kazi zake mezani, azitazame kana kwamba zimepigwa na mtu mwingine, kisha aandike kurasa chache akieleza alikuwa anatafuta nini. Tuchukue mwanafunzi ambaye mezani kwake kuna mafungu mawili. Fungu la kwanza ni treni: kichwa cha treni kinachoingia stesheni, reli zinazokwenda zikisogeleana kwa mbali, abiria walioegemea madirisha. Fungu la pili ni picha alizojipiga mwenyewe, mbele ya kioo, au kwa kuiweka kamera juu ya stendi na kukimbilia mbele yake kabla sekunde 10 hazijaisha. Kishawishi ni kuyaandikia mafungu hayo maelezo mawili tofauti, moja likiwa kazi ya nje na jingine la moyoni. Nadhani hilo ni kosa, na kosa lenyewe linamnyima mwanafunzi somo kubwa kuliko yote aliyonayo pale mezani. Picha ya treni huficha mahali aliposimama mpigaji, na picha ya kujipiga humlazimisha aonekane. Zikisomwa pamoja, kila moja husema lile ambalo mwenzake amelinyamazia.

Treni ni mwalimu mkali kwa sababu haimsubiri mtu. Treni ya umeme ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, imejengewa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo inakata zaidi ya mita 44 kila sekunde. Kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, muda ambao kwetu si kitu, treni huwa imesogea sentimita 74 picha ikiwa bado inaandikwa. Ikifunguka kwa sehemu moja ya 1,000, imesogea zaidi kidogo ya sentimita 4. Kwa hiyo mpiga picha lazima aamue. Anaweza kuigandisha treni, lakini ataipata kama gari lililoegeshwa. Anaweza kuizungusha kamera taratibu akiifuata, treni itoke safi huku miti na nyumba zikigeuka michirizi. Anaweza pia kuituliza kamera na kuiacha treni yenyewe iwe mchirizi mbele ya watu waliosimama. Hakuna uamuzi hata mmoja kati ya hayo ulio wa kifundi tu. Wa kwanza unatazama chombo, wa pili unatazama safari, wa tatu unatazama waliobaki.

Uso wa mtu mwenyewe una ugumu wa kinyume. Hauondoki kamwe, lakini mwenye nao hauoni. Anayejipiga hawezi kuwa nyuma ya kamera na mbele yake kwa wakati mmoja, hivyo huweka kiti pale atakaposimama, akakilenga kiti, akatumaini. Simu ikishikwa kwa urefu wa mkono hukuza pua, kwa sababu pua iko karibu na lenzi kuliko masikio, na umbali ukiwa mdogo tofauti hiyo huwa kubwa. Robert Cornelius alikabiliana na tabu hii Philadelphia mwaka 1839, katika picha inayohesabiwa miongoni mwa picha kongwe kabisa za uso wa binadamu. Amekaa pembeni kidogo ya fremu, nywele zimevurugika, mikono ameikunja. Hakuweza kujua kama yumo katikati. Kutojua huko kumebaki ndani ya picha, na ndiko kunakoifanya iwe hai baada ya miaka zaidi ya 180.

Mafungu mawili ya mwanafunzi wetu hukutana mahali pamoja, nako ni kwenye kioo cha dirisha la behewa. Kioo cha kawaida hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga unaokigonga. Mchana nje kuna mwanga mwingi mno, basi sehemu hiyo ndogo humezwa, na abiria huona mashamba na vilima. Jua likishazama taa za ndani zinashinda: mashamba yanafifia, na badala yake abiria anajiona mwenyewe, pamoja na viti na watu walioketi nyuma yake. Katikati ya hali hizo mbili, wakati wa magharibi, kuna dakika chache ambapo vyote vinaonekana pamoja: mti wa nje unapita juu ya shavu la mtu aliye ndani. Wapiga picha wengi hufundishwa kuikimbia hali hii. Wanaambiwa wabandike lenzi kwenye kioo, wazime taa ya simu, wavae nguo nyeusi, ili wasionekane. Ushauri ni mzuri kwa anayetaka picha ya mandhari. Lakini mwanafunzi anapaswa kutambua kwamba hapo anajifuta. Mmarekani Lee Friedlander alifanya kinyume. Kivuli chake na taswira yake katika vioo vya maduka aliviacha ndani ya fremu makusudi, na mwaka 1970 akavikusanya katika kitabu cha picha zake mwenyewe.

Kwa nini jambo hili linahusu treni hasa, na si maua au majengo? Kwa sababu reli katika Afrika ina historia ya kupigwa picha kutoka upande mmoja. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, palipo Kisumu ya leo, mwaka 1901. Vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 walifariki. Picha za ujenzi zipo, nyingi zikiwa kazi ya William D. Young aliyewapigia wenye reli. Madaraja yamesimama wima, mashine zinang'aa, vibarua wamepangwa. Ni picha za ufundi wa hali ya juu, nami siwezi kuzidharau. Ila aliyeshika kamera alisimama pale mwajiri alipotaka asimame, na picha hazilisemi hilo. Ziweke karibu na zile alizopiga Santu Mofokeng mwaka 1986 ndani ya treni za asubuhi na jioni kati ya Soweto na Johannesburg. Sera za ubaguzi ziliwaweka wafanyakazi Weusi mbali na mji, na safari zikawa ndefu kiasi kwamba abiria waligeuza mabehewa kuwa kanisa. Waliimba, wakahubiri, wakapiga kuta za behewa kama ngoma. Mofokeng mwenyewe alizaliwa Soweto. Fremu zake zimebanwa na mabega, mikono imekatwa, nyuso zimetoka na ukungu wa mtikisiko, na mtazamaji hana shaka kwamba mpiga picha naye amebanwa humo humo. Uso wake hauonekani, lakini mahali pake panaonekana.

Wako watakaosema picha za kujipiga ni majivuno, na kwamba zama za selfi zimetuchosha. Malalamiko hayo yana msingi, maana nyingi hupigwa ili zisifiwe zikasahauliwe. Hata hivyo kosa la matumizi si kosa la chombo. Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Filamu ikibaki mwishoni mwa siku alijipiga mwenyewe, na baadhi ya picha akampelekea bibi yake Nigeria, aone kwamba yu hai na anastawi. Hiyo ilikuwa barua. Zanele Muholi, aliyesoma katika shule ya picha ya Market Photo Workshop mjini Johannesburg, alianza mwaka 2012 mfululizo wa picha zake mwenyewe uitwao Somnyama Ngonyama. Katika moja aliyoipiga Mayotte, kisiwa ambacho Wakomoro wanakiita Maore, kichwani na masikioni amejipamba kwa vibanio vya nguo, na picha akaipa jina la mama yake, Bester, aliyefanya kazi za ndani kwa miaka mingi. Ukiitazama picha hiyo unamfikiria mama kabla hujamfikiria mwana.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi kwangu: kwamba picha ijieleze yenyewe, na mwanafunzi anayeandika kurasa kuhusu kazi yake anaziba udhaifu kwa maneno. Nakubali kwamba hakuna maelezo yanayookoa picha mbovu. Lakini maelezo ya mwanafunzi hayamhusu mtazamaji kwanza. Yanamhusu yeye, ili ajue kwa nini kati ya picha 40 za jioni moja alichagua ile ambayo hakuna mtu. Pengine aliogopa kuomba ruhusa. Pengine alikatazwa, kwa kuwa reli ni miundombinu inayolindwa na kusimama juu ya tuta lake ni hatari ya kufa. Katazo hilo ni halali na lifuatwe. Lakini linamsukuma aingie ndani ya behewa kwa tiketi, akae na watu, aombe idhini yao, na huko hawezi tena kujifanya hayupo.

Walimu wanaosahihisha kazi hizi wangefanya vyema kuuliza swali moja kabla ya mwanga na mpangilio: ulikuwa umesimama wapi, na nani alikuruhusu? Nawe mwanafunzi unayepitia picha zako leo, ile ya magharibi ambayo uso wako uliingia kwenye kioo bila kukusudia, usiifute. Iweke mezani pamoja na nyingine, na uanze kuandika kutoka kwayo.