Ngoma ya wengi chini ya mwembe huufanyia nini mwili?

Septemba ikiingia, upepo wa kusi huanza kulegea katika pwani ya Kilifi, Kenya. Mvua za vuli bado hazijabisha hodi, na huko Adu, eneobunge la Magarini, jua la alasiri likishapoa ni raha kukaa nje kivulini. Ni majira mazuri ya kutoa kayamba.

Ala hii ya Wamijikenda ni matete yaliyofumwa yakawa kisanduku bapa, ndani mna punje ngumu. Mpigaji huishika kwa viganja viwili na kuiinamisha huku na huku, punje zikamiminika zote kwa mpigo mmoja, huku vidole gumba vikigonga matete kuongeza mdundo. Wakikaa wapigaji kadhaa pamoja, baada ya muda mikono yao yote huenda sawia. Usawia huo ndio uliowavutia wanasayansi.

Mwaka 2015, Bronwyn Tarr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa matokeo ya jaribio walilofanya Brazil na vijana 264. Baadhi walicheza kwa mwili mzima, wengine wakiwa wameketi na kuchezesha mikono tu. Baadhi kwa hatua zinazofanana, wengine kila mtu na zake. Kabla na baada ya kucheza, mkono wa kila mmoja ulibanwa kwa kifaa cha kupimia shinikizo la damu mpaka aseme basi. Waliotoa jasho walistahimili maumivu zaidi. Waliocheza kwa usawia nao pia walistahimili zaidi, hata wale walioketi. Watafiti wanaamini kwamba chanzo ni endofini, kemikali ambazo ubongo huzitoa kupunguza maumivu na kuleta furaha. Kwa hiyo bibi ambaye magoti yamemkatalia asiachwe ndani ya nyumba: apewe kayamba, akae na wenzake.

Faida nyingine ni undugu. Utafiti mwingine wa Oxford wa mwaka huohuo ulifuatilia watu wazima waliojiunga na madarasa ya kuimba, ya kazi za mikono na ya uandishi. Mwishoni wote walikuwa wamezoeana, ila waimbaji walizoeana upesi zaidi. Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, wana ushahidi wao: mwaka 1913 kiongozi wao Mekatilili wa Menza alitumia ngoma ya kifudu kuwakusanya watu dhidi ya utawala wa Waingereza. Hakuhitaji maabara kujua kwamba waliocheza pamoja husikilizana.

Na mahali pa kuchezea pana uzito wake. Uchunguzi wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye maeneo ya miti, mashamba au fukwe kwa angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema. Haukuthibitisha kwamba miti ndiyo iliyowapa afya hiyo, maana mwenye afya hutoka nje kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, mwaka 2022 watafiti wa King's College London waligundua kwamba watu waliripoti nafuu ya moyo, hata wenye sonona, baada ya kuona au kusikia ndege, na nafuu hiyo ilidumu kwa saa kadhaa.

Kilifi ina ndege wa kutosha. Septemba ndio msimu ambao sululu na ndege wengine wa ufukoni huwasili kutoka kaskazini ya mbali na kutua mdomoni mwa Mto Sabaki. Kuna pia msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, na misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kuitunza misitu hii ni kazi ya afya pia, na ingefaa ihesabiwe hivyo katika bajeti.

Si kila muziki wa nje una manufaa hayo. Spika za disko matanga za misibani zinazonguruma usiku kucha huwanyima watu usingizi na kuumiza masikio. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linataka wastani wa sauti kwenye kumbi za burudani usizidi desibeli 100. Ukilazimika kupiga kelele ili wa kando akusikie, sogea mbali na spika. Masikio yakiendelea kuvuma siku ya pili, nenda zahanati. Na mwenye dawa za presha au kisukari acheze ngoma, lakini vidonge vyake asiviache.