Ushauri wa usanifu wa bidhaa: kwa nini serikali igharamie katoni yako?

Na Mwandishi wa Biashara

Wafanyabiashara wengi wakisikia neno usanifu hufikiria nembo na rangi za kuvutia. Kwa mzigo unaovuka mpaka, usanifu ni ukubwa wa katoni, uimara wa mfuniko na maandishi ya lebo. Kasoro katika kimojawapo hulipwa na mwenye mzigo, na mara nyingine na mwenye lori.

Tuchukue mfano wa msindikaji mdogo wa asali anayetumia katoni ya sentimita 45 kwa 35. Paleti yenye sentimita 120 kwa 100 hupokea katoni hizo 6 tu kwa kila safu, na zaidi ya moja ya tano ya nafasi hubaki wazi. Katoni ya 40 kwa 30 huingia 10 bila kubakiza nafasi. Nauli ya lori haipungui kwa sababu ya nafasi tupu, na katoni zinazocheza njiani huvunja chupa.

Kisha kuna lebo. Sheria ya viwango na ubora ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama kutambua alama za ubora za wenzao. Lakini alama hiyo haimsaidii mtu ambaye lebo yake haina uzito halisi, anuani ya mzalishaji au tarehe ya mwisho ya matumizi. Hata mzigo mdogo unaopita kwa utaratibu rahisi wa forodha hausamehewi masharti ya afya na viwango.

Kwa nini basi fedha ya umma itumike? Kiwanda kikubwa kina mtaalamu wake. Mjasiriamali mdogo hawezi kumlipa, na hajui faida yake mpaka amtumie. Hapo ndipo soko linaposhindwa lenyewe.

Uingereza ilijaribu njia hii kuanzia mwaka 1982, serikali ikichangia gharama za wataalamu wa usanifu kwa viwanda vidogo na vya kati. Watafiti wa Open University walichunguza miradi zaidi ya 200 iliyosaidiwa. Miradi iliyofikishwa sokoni ilifanikiwa kibiashara kwa takriban asilimia 90, na kwa wastani gharama zilirudi ndani ya miezi 15. Lakini ukihesabu miradi yote, mafanikio yalishuka hadi asilimia 60 hivi. Takriban theluthi moja iliishia kwenye karatasi.

Hilo ndilo somo kwa ukanda wetu. Ushauri bila mtaji wa kuutekeleza haufiki sokoni. Mjasiriamali anaweza kupewa mchoro mzuri wa kifungashio, kisha mchapaji akamtaka aagize maelfu ya vipande kwa mkupuo. Mpango mzuri huunganisha ushauri na mkopo mdogo, au huwakusanya wazalishaji kadhaa wakaagiza kifungashio cha aina moja na kutofautisha lebo tu.

Milango ya kuanzia ipo. Tanzania ina SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, ambayo hutoa mafunzo, teknolojia na pia mikopo kwa viwanda vidogo. Kenya ina KIRDI na Uganda ina UIRI, taasisi za utafiti wa viwanda zinazosaidia kuendeleza bidhaa.

Kabla ya kwenda, jiandae kwa mambo matatu. Beba bidhaa yenyewe pamoja na kifungashio chake, si picha. Eleza nchi unayouza na jinsi mzigo unavyosafiri. Uliza gharama ya uchapaji kwa idadi unayoimudu, kabla ya kukubali mchoro wowote.

Wasafirishaji nao wasikae pembeni. Dereva na wapakiaji ndio wanaojua katoni ipi hubonyea chini ya rundo na mfuniko upi huvuja kwenye joto. Taarifa hiyo ikimfikia mzalishaji kabla lebo na katoni hazijachapwa, marekebisho ni ya kwenye karatasi. Ikimfikia baadaye, hasara tayari iko ndani ya lori.