Magari Mawili na Mlima Mmoja

Mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki kwa kutumia gari dogo la mbio la milango miwili, Datsun 240Z. Mwaka 1973 gari la aina hiyo lilishinda tena, likiendeshwa na Shekhar Mehta akisaidiwa na Lofty Drews. Siku hizi, katika mji wa Morogoro na njia zipandazo milima ya Uluguru, gari linalosifiwa ni kubwa na la kimo kirefu, kama Toyota Land Cruiser 200, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2007. Je, lipi ni bora? Fizikia ya shuleni yatosha kutoa jibu.

Datsun hiyo ina kilo 1,050 hivi, kimo cha mita 1.3, injini ya lita 2.4 na viti viwili. Land Cruiser ya dizeli ina kilo 2,700 hivi, kimo cha mita 1.9, injini ya lita 4.5 na nafasi ya watu 8.

Kila kitu kinachopandishwa mlimani hudai nishati. Kiasi chake hupatikana kwa kuzidisha kilo za kitu hicho, mvutano wa dunia (9.8) na kimo kwa mita. Chukulia barabara inayopanda mita 600 kuelekea Mgeta. Datsun tupu hudai juli milioni 6.2, Land Cruiser tupu hudai milioni 15.9. Tofauti hiyo hulipwa kwa mafuta.

Lakini gari hupanda ili kubeba watu. Datsun yenye watu wawili humgawia kila mmoja juli milioni 3.1. Land Cruiser yenye watu 8 humgawia kila mmoja milioni 2 tu. Yenye watu 5, magari hayo mawili hukaribia kulingana. Dereva akiwa peke yake, milioni zote 15.9 ni zake. Basi ubadhirifu haumo katika ukubwa wa gari, bali katika viti vitupu.

Wakati wa kushuka, nishati ile ile hudai mahali pa kwenda. Dereva akitegemea breki peke yake, karibu yote hugeuka joto katika breki. Joto likizidi, breki hupoteza nguvu, na mafuta yake yaweza kuchemka. Ndiyo sababu dereva mwangalifu hushuka kwa gia ndogo, ili injini isaidie kulizuia gari. Gari jipya lina breki kubwa na mitambo ya kuzuia kuteleza, na magurudumu yake yote manne husukuma katika tope la masika. Hata hivyo, hakuna mtambo unaofuta uzito.

Kimo nacho kina gharama katika kona. Kitovu cha uzito kikiwa juu, gari hupinduka kwa urahisi zaidi.

Zoezi kwa darasa: Chukua viberiti viwili vinavyolingana. Simamisha kimoja na ulaze kingine juu ya ubao wenye uso wa kukwaruza, kisha uinue ubao polepole upande mmoja. Kipi kinaanguka kwanza, na kwa nini? Halafu hesabu abiria katika magari 20 yanayopita karibu na shule. Ni viti vingapi vinapandishwa mlimani bila mtu?