Gundi ya Jino Ipimwe kwa Maji

Jino likizibwa kwa rezini, kinacholishikamanisha na ziba lile ni utando wa gundi mwembamba kuliko unywele, uliopakwa kwa brashi na kugandishwa kwa mwanga wa bluu. Kwenye enameli kazi hiyo haina shida kubwa tangu mwaka 1955, Michael Buonocore wa Marekani alipoonyesha kwamba asidi ya fosfori huukwaruza uso wake hadi rezini ikapata pa kushika. Enameli karibu yote ni madini, nayo hukaushika. Dentini iliyo chini yake ni habari nyingine: takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake ni maji, na mirija yake midogo hupitisha majimaji yatokayo ndani ya jino. Asidi ikishaondoa madini, hubaki nyuzi za kolajeni ambazo zikikaushwa mno hulaliana, gundi ikakosa njia. Ndiyo maana wakemia waliingiza HEMA, monoma (molekuli ndogo inayojenga gundi) inayopatana na maji, ili ipenye katikati ya nyuzi hizo. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, kwa kuwa sifa ileile inayoifungulia mlango ndiyo inayoiangamiza. Gundi huendelea kunyonya maji hata baada ya kuganda, na viungo vyake vya esta hukatwakatwa na maji hayo pamoja na vimeng'enya vya mate. Kolajeni isiyofunikwa vizuri nayo huliwa na vimeng'enya vya dentini yenyewe. Ufa hufunguka, bakteria huingia, na jino huoza upya chini ya ziba.

Kwa hiyo monoma mpya ihukumiwe kwanza kwa uvumilivu wake majini. Njia mojawapo yenye matumaini ni kuweka kiungo cha amaidi mahali pa esta, kwa sababu maji hukishambulia polepole zaidi. Wapinzani husema monoma za namna hiyo mara nyingi huganda taratibu. Ni kweli, na kasoro hiyo lazima irekebishwe, kwani rezini isiyoganda sawasawa haifai kinywani. Lakini nguvu inayopimwa baada ya saa 24 haimwambii mgonjwa lolote kuhusu mwaka wa tano. Wengine watauliza: mbona monoma ya 10-MDP, iliyobuniwa na kampuni ya Kuraray ya Japani, imedumu miongo kadhaa ilhali nayo ina esta? Imedumu kwa sababu fosfati yake hushikana na kalisi ya jino na kufanya chumvi isiyoyeyuka kirahisi, na mnyororo wake wa kaboni kumi huyafukuza maji. Mfano huo unaniunga mkono. Hata hivyo, ndani ya chupa yenye maji na asidi, esta hiyo huanza kuvunjika kabla haijafika kinywani, na joto huharakisha uharibifu. Kwa kliniki ya Tanga au Mombasa isiyo na jokofu la uhakika, hilo ni jambo zito, hasa sasa ambapo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unatuondoa kwenye kuziba meno kwa amalgamu ya zebaki na kutusukuma kwenye rezini. Kila monoma mpya ijaribiwe ikiwa imekaa majini miezi mingi, na chupa yake ijaribiwe ikiwa imekaa kwenye joto letu.