Vibonzo si mchezo wa watoto tu
BAADHI yetu hudhani vibonzo ni vya kuwachekesha watoto tu. La hasha! Ni utanzu wa fasihi ambamo picha ndiyo husimulia, maneno yakaisaidia.

Mchukue Jack Kirby, mchoraji Mmarekani aliyezaliwa 1917. Mnamo 1966, yeye na mwandishi Stan Lee walimbuni Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya Kiafrika iliyoyapiku mataifa mengine kwa teknolojia. Kumbuka wakati huo Kenya ilikuwa imejinyakulia uhuru juzi tu, na vibonzo vingi vya Marekani vilimchora Mwafrika kama mshenzi wa msituni.

Mwaka wa 1971, katika Forever People, Kirby akachora Mother Box: kompyuta yenye uhai, inayobebeka. Enzi hizo kompyuta nyingi zilijaza chumba!

Je, alikuwa mtabiri? Hapana. Aliuliza tu swali linalozaa kila bunilizi ya kisayansi: ingekuwaje kama...? Kwa hivyo, mwalimu, kabla ya kumpokonya mwanafunzi kibonzo, hebu kitazame kwanza. Huenda ndimo anamojifunzia kuuliza swali hilo.