UHONDO WA MANENO NA NAMBARI

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Mpenzi msomaji, ninaanza na methali hii kwa sababu kuna uvumi unaovuma katika madarasa yetu, eti Kiswahili ni lugha ya ngeli na ufupisho tu, na ukitaka kuchezea maneno sharti uende kwa Kiingereza. La hasha! Chukua kalamu na karatasi, tuone.

Hebu andika nambari kutoka moja hadi kumi kwa maneno, kisha uhesabu herufi. Moja ina nne, tatu nne, tano nne, na vivyo hivyo sita, saba, nane, tisa na kumi. Ni mbili tu zilizokataa kufuata wenzao: "mbili" ina herufi tano, na "nne" ina tatu. Moja imezidisha, nyingine imepunguza, kwa hivyo ukijumlisha zote kumi unapata herufi 40 kamili. Ukihesabu silabi nako, kila neno lina mbili, hata "nne" yenyewe (n-ne). Ajabu ni kwamba maneno haya hayakutoka nyumba moja. Sita, saba na tisa tuliyapokea kutoka Kiarabu, na mengine ni ya Kibantu, lakini yamepanga foleni kana kwamba yalishonewa sare na fundi mmoja!

Uhondo wenyewe lakini uko kwa tatu na nne. Tazama vizuri: tatu ina herufi nne, nayo nne ina herufi tatu. Sasa chagua nambari yoyote, iandike kwa maneno, uhesabu herufi, uandike jibu kwa maneno, uhesabu tena. Mimi nilijaribu na 1963, mwaka wa uhuru wetu. Elfu moja mia tisa sitini na tatu ina herufi 27. Ishirini na saba ina 14. Kumi na nne ina 9. Tisa ina 4. Nne ina 3. Tatu ina 4. Nne ina 3... na hapo umenaswa, hutoki hata ukeshe.

Sababu ni nini? Kutoka 20 kwenda juu, idadi ya herufi huwa ndogo kuliko nambari yenyewe, kwa hivyo kila hatua unateremka. Ukishafika chini ya 20, njia zote zinaelekea kwa nne. Jaribu moja moja kama huniamini. Kwa Kiingereza mchezo huu upo, lakini neno lao la nne lina herufi nne, basi safari hukwama hapo. Sisi tunao wawili wanaorushiana mpira milele.

Kuna pia maneno ya kwenda-na-kurudi, yaani yanayosomeka vilevile ukianzia mbele au nyuma. Hapa ndipo wabishi hunicheka. Wanasema maneno yetu karibu yote huishia kwa vokali, na mengi huanza kwa konsonanti, kwa hivyo hayawezi kugeuzwa. Kweli, "kuku" akigeuzwa anakuwa "ukuk". Basi tutafute yanayoanza kwa vokali: utu, ini, aya, ububu, uzuzu. Si haba, lakini hazina kubwa iko kwa vitenzi. Vitenzi vyetu vya Kibantu huishia kwa "a", na kiambishi cha nafsi ya tatu umoja ni "a" pia. Kiambishi "me" kikipata kitenzi kifupi kinachoishia "ema", tayari: amesema, amehema. Kiambishi "ta" kinataka "ata": atapata, atakata. Nacho "na" kinataka "ana": anabana, anakana. Mimi na wewe hatumo katika mchezo huu, kwa maana "ninasema" na "unasema" haziwezi kugeuka. Wenye bahati ni akina yeye tu! Hata sentensi zipo. Ukiuliza nani ana kifutio, utajibiwa: "Ana amesema ana." Akishukiwa kusema uongo: "Apa, Ana, apa!"

Nililolipenda zaidi ya yote ni "utatu", kwa sababu ni neno la kwenda-na-kurudi na ndani yake mna nambari. Nambari nazo zina tabia hiyo. Mwaka 1991 ulikuwa hivyo, na 2002 pia. Unaofuata ni 2112! Sisi tuliozaliwa baada ya 2002 tumepunjwa, maana wakati huo nitakuwa nimepita miaka 100. Gawanya miaka hiyo yote kwa 11 uone kama kuna baki. Hakuna. Kila nambari ya tarakimu nne ya namna hii hugawanyika kwa 11. Chukua 4774: ni 1001 mara nne, ujumlishe 110 mara saba. 1001 ni 11 mara 91, na 110 ni 11 mara 10, kwa hivyo 11 haiwezi kukosa kuingia. Jibu lake ni 434, ambayo nayo, sikwambii, ni ya kwenda-na-kurudi.

Nambari isiyo hivyo unaweza kuilazimisha. Igeuze ujumlishe: 57 na 75 ni 132, 132 na 231 ni 363. Umeshamaliza. Lakini usiguse 89 kama una kazi ya kufanya, kwani inataka hatua 24 kabla ya kufika 8813200023188. Mimi ilinimalizia kurasa mbili za daftari. Na 196 je? Hiyo hakuna aliyewahi kuifikisha, hata kwa kompyuta, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haifiki.

Sentensi ile ya Ana ina herufi 13. Ukipata iliyo ndefu zaidi na yenye maana, niletee darasani.