Kulala hemani uani: Jiko la makaa libaki nje

Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, watoto wengi huomba jambo moja: kulala nje kwenye hema, angalau usiku mmoja. Kwa familia za Laikipia ombi hilo si gumu. Hema likishapatikana, la kununua au la kuazima, uani pale nyumbani panatosha. Hakuna nauli wala ada ya kiingilio, choo kiko karibu, na mtoto akiogopa usiku wa manane mlango wa nyumba uko hatua chache tu.

Hata hivyo, usiku huo wa raha unaweza kugeuka msiba. Hatari kubwa zaidi si fisi wala nyoka. Ni jiko la makaa.

Nyahururu iko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki takriban mita 1,900. Usiku wa Agosti huko ni baridi kali, na kitambaa cha hema hakizuii baridi kama ukuta. Ndipo mzazi hushawishika kuingiza jiko hemani, moshi ukishaisha, ili watoto wapate joto.

Kuisha kwa moshi hakumaanishi kwamba hatari imeisha. Makaa mekundu hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo ubongo na moyo hukosa hewa. Hema ni chumba kidogo, na gesi hujaa upesi. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi. Jiko linaloonekana kuzimika nalo si salama, kwani chini ya majivu makaa huendelea kuungua. Tahadhari hiyo hiyo inahusu jiko la gesi, jiko la mafuta ya taa na jenereta. Mshumaa na koroboi pia visiingizwe, maana kitambaa cha hema hushika moto haraka. Tumia tochi.

Dalili za sumu hii ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Watu kadhaa wakilalamika kwa pamoja, msingoje kukuche. Toeni kila mtu nje kwenye hewa safi, mpige simu 999 au 112, au nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, na mfike hospitalini haraka. Kumnywesha mgonjwa maziwa hakuondoi gesi hii mwilini. Anachohitaji ni oksijeni.

Kupata joto bila moto

Baridi nyingi hutoka ardhini. Kwa hivyo tandika kwanza katoni zilizokunjuliwa, kisha mkeka au godoro, ndipo ulaze watoto. Blanketi moja la ziada chini husaidia kuliko mawili juu. Wavalishe soksi, kofia na nguo kavu. Chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa taulo hutia joto miguuni kwa saa kadhaa. Uji au chai ya moto kabla ya kulala pia husaidia.

Mahali pa kusimamisha hema

Chagua mahali palipoinuka kidogo, kwa sababu upande wa Nyahururu mvua ya Agosti ni ya kawaida na maji hukimbilia bondeni. Usisimamishe hema chini ya mkaratusi au mti wenye matawi makavu. Kaa mbali na kingo za mto: maji yanaweza kupanda usiku kwa mvua iliyonyesha mlimani, hata kama kwenu kumekauka.

Fyeka nyasi kando ya hema na uondoe marundo ya kuni na mawe, ambako nyoka hujificha. Zipu ifungwe wakati wote. Viatu vilale ndani na vikung'utwe asubuhi. Anayetoka usiku amulike anapokanyaga. Mtu akiumwa na nyoka, asichanjwe wala kufyonzwa jeraha. Atulizwe, asitembee, apelekwe hospitalini.

Chakula kibaki nyumbani, kwani harufu yake huvuta wanyama. Wanaoishi karibu na ranchi na mapito ya ndovu wasilale nje, hata ikiwa boma lina ua. Wanaweza kusimamisha hema mchana, watoto wacheze humo, kisha jioni warudi ndani.

Mtu mzima mmoja alale na watoto. Kabla hajafunga zipu, ahakikishe kwa macho yake kwamba jiko liko nje, mbali na hema, na limezimwa kwa maji.